Kibati, picha, vinasaba au setilaiti: kikundi chenu kichague ipi kumfuata kasa?

Kuna swali ambalo vikundi vya hapa Nairobi huniletea mara kwa mara. Leo ni wanafunzi wa Chiromo, kesho ni chama cha marafiki wanaoshuka Watamu, kule pwani, kila Desemba, keshokutwa ni kampuni inayotafuta pa kupeleka fungu lake la kusaidia jamii. Wamechanga, wana kama laki tano, wanataka kumsaidia kasa. Na tayari wameshaamua watanunua nini: transmita ya setilaiti, kile kifaa kinachobandikwa mgongoni mwa kasa kutuma taarifa za mahali alipo. Wameona zile ramani, mstari mwekundu ukikata bahari kutoka kisiwa hadi bara, na wao wanataka mstari wao.

Nawaelewa vizuri, maana kazi yangu ni hizo hizo ramani na sijachoka kuzitazama. Lakini transmita ni njia moja kati ya nne zinazotumika kujua kasa anatoka wapi na anakwenda wapi, na ndiyo ghali kuliko zote. Hapa naziweka pamoja ili mchague mkijua. Nitakaa zaidi kwenye setilaiti, kwa sababu ndiko pesa nyingi huzama na ndiko watu huingia bila kuuliza maswali.

Swali moja, majibu matatu

Tuanze na kisa kinachoonyesha tofauti vizuri kuliko maelezo yoyote. Kwenye rasi ya Baja California, Meksiko, kuna duvi wengi, wale kasa wenye kichwa kikubwa. Wanakula na kukua pale, lakini hawatagi pale. Fukwe ambako duvi wa Pasifiki hutaga ziko Japani na Australia, yaani upande wa pili wa bahari iliyo kubwa kuliko zote duniani. Je, kweli mnyama huyu anavuka Pasifiki yote kwenda kula na kurudi kutaga? Wengi hawakuamini.

Mwaka 1994 duvi mmoja aliachiliwa Baja akiwa na kibati cha chuma kwenye pezi. Mwaka uliofuata mvuvi alimnasa karibu na Kyushu, Japani. Mwaka huo huo wa 1995, watafiti waliolinganisha vinasaba vya duvi wa Baja na vya wale wanaotaga Japani na Australia walichapisha matokeo yao: karibu wote wa Baja ni wazaliwa wa Japani. Kisha Agosti 1996 mtafiti wa kasa Wallace J. Nichols na wenzake wakamwachilia duvi waliyemwita Adelita, akiwa na transmita mgongoni. Aliogelea zaidi ya kilomita 11,000 kwa muda wa kama mwaka mmoja hadi pwani ya Japani, na watoto wa shule walikuwa wakimfuatilia kwenye intaneti. Dalili zake za mwisho zilionyesha kwamba huenda alinaswa na wavuvi.

Tazama kila njia ilitoa nini. Kibati kilithibitisha safari ya mnyama mmoja, kwa nukta mbili tu: alikotoka na alikofika. Vinasaba vilizungumzia kundi zima kwa mpigo, ila havikusema lolote kuhusu njia wala mwezi wa safari. Setilaiti ilitoa njia yenyewe, siku baada ya siku. Anayetaka kujua kasa anakutana wapi na mishipi na nyavu za meli kubwa, jibu lake liko kwenye hiyo ya tatu peke yake. Lakini anayetaka kujua kama duvi wa Baja ni wa Japani alikuwa ameshajibiwa kabla Adelita hajaingia majini.

Kibati: mpokeaji wake ni mvuvi

Kibati ni kipande kidogo cha titani au aloi ya nikeli, hakizidi kidole gumba. Upande mmoja kina herufi na nambari, upande wa pili anwani ya kupeleka taarifa. Hubanwa kwa koleo maalumu kwenye ukingo wa nyuma wa pezi la mbele, na kawaida hufungwa viwili, kimoja kila upande, kwa sababu kimoja kikichomoka hubaki kingine. Ukiweka pamoja na gharama nyingine za kazi ya kasa, bei yake haisumbui mtu.

Usikidharau. Archie Carr, mtaalamu wa kasa wa Marekani, alianza kufunga vibati Tortuguero, Costa Rica, mwaka 1955, na mengi tunayoyajua kuhusu kasa jike kurudi kutaga ufuo ule ule yalianza kwa vibati vile. Afrika Kusini imekuwa ikifunga vibati kwenye fukwe za KwaZulu-Natal tangu 1963, na taarifa zikarudi kutoka Msumbiji, Madagascar na Tanzania. Hakuna betri iliyodumu hivyo. Kibati kizuri hukaa miaka na miaka, na ukimpima kasa yule yule kila anaponaswa unajua pia anakua kwa kasi gani.

Udhaifu wake hauko kwenye chuma. Uko kwa binadamu anayepaswa kukisoma. Sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda kasa, na kukutwa na nyama, mafuta au gamba lake ni kosa kubwa. Sheria hiyo ni nzuri na iendelee kukaza. Lakini mvuvi ambaye kasa amefia kwenye jarife lake bila yeye kutaka, akiona nambari kwenye pezi, anaona ushahidi dhidi yake. Ni rahisi zaidi kukirusha baharini kuliko kupiga simu. Kwa hiyo ukifunga vibati mia moja mahali ambapo wavuvi wanaogopa, umefunga vibati mia moja vya ukimya.

Ndiyo maana kazi ya Watamu naiheshimu sana. Tangu 1998 shirika la Local Ocean Conservation limekuwa na mpango ambapo mvuvi aliyenasa kasa kwa bahati mbaya anapiga simu, wafanyakazi wanafika, wanampima, wanaangalia kama ana kibati, wanamfunga kama hana, wanamwachilia. Mvuvi anapewa kifuta jasho kwa muda na usumbufu wake. Maelfu ya kasa wamerudi baharini kwa njia hiyo, na vibati vyao husomwa na watu wanaojua wanachokitafuta. Kwa maneno mengine, kibati hugharimu kidogo lakini mafuta ya pikipiki, muda wa maongezi, mishahara na hicho kifuta jasho hugharimu kila siku. Kikundi kinachotaka pesa zake ziguse kasa hai mwaka huu huu kiangalie hapo kwanza.

Picha: karibu bure, na ina mipaka yake

Mpangilio wa magamba kwenye shavu la kasa wa kijani au ng'amba haufanani na wa mwenzake, na shavu la kushoto halifanani na la kulia. Picha mbili safi zinatosha kumtambua akionekana tena miaka mitano baadaye, bila kumgusa. Noa, aina nyingine ya kasa, hana magamba hayo, lakini ana doa la waridi kichwani ambalo hutumika vivyo hivyo.

Kama mnapiga mbizi, hili ndilo lenu: mnalifanya wenyewe, wikendi, kwa kamera mliyo nayo. Picha haitawaambia kasa amehamia nchi gani isipokuwa kuna mtu huko anayepiga picha pia. Itawaambia nani anaishi kwenye tumbawe gani na kwa muda gani.

Vinasaba: kazi inayoweza kufanyika mjini kwetu

Kipande cha ngozi kidogo kama punje ya mchele, kwenye kichupa cha ethanoli. DNA inayorithiwa kwa mama peke yake husomwa na kulinganishwa na ya fukwe za kutagia. Kwa kuwa majike hurudi kutaga maeneo walikozaliwa, kila eneo hujenga alama zake, na kasa anayekula majani ya bahari kwenye hori ya Mida Creek karibu na Watamu anaweza kuhusishwa na Komoro au Shelisheli bila kufuatwa hata hatua moja. Sharti ni moja: sampuli za fukwe hizo ziwepo tayari za kulinganisha nazo.

Kwa Mnairobi njia hii ina faida ambayo husahauliwa. Kasa wote wa baharini wako kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata kipande kile cha ngozi hakivuki mpaka bila kibali. Maabara zenye uwezo wa kusoma vinasaba ziko hapa hapa mjini, ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo kule Kabete, ikiwemo. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anaweza kupanda basi kutoka pwani na sampuli zake zilizohifadhiwa vizuri na kuzifanyia kazi bila kungoja karatasi za nchi mbili. Mkiwa na laki tano na mwanafunzi makini, hapo mnaweza kujibu swali la kundi zima. Transmita moja haiwezi.

Setilaiti: mnanunua nini hasa

Mnairobi akisikia setilaiti huwaza kola ya ndovu. Ndovu anatembea chini ya anga wazi saa zote. Kola ina muda wote inaouhitaji kupata GPS na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu au setilaiti. Mawimbi ya redio hayapiti kwenye maji ya chumvi, na kasa yuko chini ya maji zaidi ya asilimia 90 ya muda wake. Anaibuka, anavuta pumzi kwa sekunde chache, anazama. Transmita yake ina ncha mbili za chuma zinazohisi maji: zikikauka inatuma, zikilowa inanyamaza ili kuokoa betri. Kila nukta mnayoiona kwenye ramani imeibwa kwenye pumzi.

Mfumo unaopokea ni Argos, ulioanza 1978 kwa ushirikiano wa Ufaransa na Marekani. Setilaiti zake hupita juu ya ncha za dunia kwenye kimo cha takriban kilomita 850, mzunguko mmoja kwa kama dakika 100. Mahali alipo kasa hukadiriwa kwa jinsi mawimbi yanavyobadilika setilaiti ikikaribia na kuondoka, kama king'ora cha ambulensi kinavyobadilika sauti kikikupita Barabara ya Thika. Ili makadirio yawe mazuri zinahitajika jumbe nne au zaidi katika mpito mmoja wa setilaiti. Kasa mara nyingi hutoa mbili au tatu.

Matokeo hupewa daraja. Daraja la 3 lina kosa la chini ya mita 250, la 2 kati ya mita 250 na 500, la 1 hadi mita 1,500, la 0 zaidi ya hapo. Kisha kuna A na B, ambazo daraja lenyewe halikuambii kosa ni kubwa kiasi gani, na faili la kasa kawaida limejaa hizo. Unafungua asubuhi, unaona tarehe, saa ya Greenwich, latitudo, longitudo, na mwishoni herufi B. Unaweka kwenye ramani, kasa yuko katikati ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mstari unaofuata yuko baharini tena. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuamua nukta zipi zibaki na zipi zitoke, na wafadhili wengi hawajui kwamba kazi hiyo ipo na inahitaji mtu wa kulipwa.

Tena sisi tuko karibu na ikweta. Njia za setilaiti hizo hubanana kwenye ncha za dunia na kutawanyika hapa kati, kwa hiyo pwani yetu hupata mipito michache kuliko Ulaya. Hali inabadilika: setilaiti ndogo 25 za Kinéis zilirushwa kutoka New Zealand kati ya Juni 2024 na Machi 2025 kuongezea nguvu mfumo huu, na muda wa kungoja mpito unapungua. Muulizeni muuzaji kama transmita yake inaweza kuzitumia.

Aina ya pili ya transmita ina GPS ya haraka. Kwa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde inanasa mawimbi ya GPS yaliyoko angani, na hesabu zenyewe hufanywa baadaye. Taarifa bado hupitia Argos. Kosa lake mara nyingi ni makumi ya mita. Ni ghali zaidi.

Uchaguzi kati ya hizi mbili ndio unaowakosesha watu usingizi, na kwangu ni rahisi. Kama mnataka kujua kasa akishataga anaelekea Somalia au Msumbiji, Argos ya kawaida inatosha, kosa la kilomita kadhaa halitawadhuru kwenye safari ya kilomita elfu mbili. Kama mnataka kujua kama anakula ndani au nje ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Watamu, nunueni yenye GPS au msinunue kabisa. Hifadhi ile ina kilomita za mraba 10 tu. Nukta yenye kosa la kilomita moja na nusu haiwezi kuwaambia chochote juu ya mpaka wake.

Bei ya transmita ni kama dola 1,500 hadi 5,000, yaani karibu laki mbili hadi laki sita na nusu za Kenya. Ongezeni ada ya Argos, gundi, usafiri, walinzi wa ufuo wa kukesha. Kubandika kwenyewe huwa hivi: jike huachwa amalize kutaga na kufukia mayai, kisha huzuiwa kwa boksi la mbao. Kitambaa kibichi machoni, tochi nyekundu badala ya nyeupe. Gamba hukwanguliwa mwani na viumbe waliogandamana, hupigwa msasa, hupanguswa kwa asetoni, ndipo transmita inayoenea kiganjani hulazwa juu ya gundi ya epoksi antena ikitazama nyuma. Hupakwa rangi ya kuzuia viumbe wa bahari, isipokuwa zile ncha mbili. Halafu mnangoja gundi ikauke huku maji yakijaa, na hakuna wa kuharakisha. Mwenye haraka atapoteza transmita ndani ya mwezi.

Na hata ikibandikwa vizuri, siku moja itanyamaza, mara nyingi ndani ya mwaka au zaidi kidogo. Wafadhili huniuliza kama kasa amekufa. Mara nyingi sababu ni nyingine: betri imeisha, antena imevunjika kasa akijipenyeza chini ya tumbawe, dume limeikwaruza wakati wa kujamiiana, gundi imeachia, au mwani umefunika zile ncha na kifaa kinadhani kiko majini daima. Dalili ya kuogopa ni kinyume chake. Nukta zinapoanza ghafla kuwa nzuri mno, daraja la 3 mfululizo, zote mahali pamoja nchi kavu, maana yake transmita haizami tena. Iko kwenye mashua au nyuma ya nyumba ya mtu.

Pamoja na yote hayo, setilaiti ikitumika panapostahili haina mpinzani. Mwaka 2012 kasa wa kijani wanane walifungwa transmita Diego Garcia, visiwa vya Chagos kwenye Bahari ya Hindi, katikati ya hifadhi ya bahari ya kilomita za mraba 640,000 iliyotangazwa mwaka 2010. Saba kati ya wanane walitoka nje ya hifadhi. Mmoja alikwenda karibu kilomita 4,000 hadi Somalia. Wanyama wanane walitosha kuonyesha kwamba hata hifadhi kubwa kiasi hicho mara nyingi humlinda mama anapotaga tu, na maisha yake mengine yako kwenye pwani za watu wengine, zikiwemo za jirani zetu. Hakuna kibati, picha wala kinasaba kingeeleza hilo kwa uwazi huo.

Jambo moja zaidi, kwa sababu halisemwi vya kutosha: ramani nyingi za setilaiti ni ramani za akina mama. Jike hupanda ufuoni, anafikika. Dume kwa kawaida halirudi nchi kavu maisha yake yote, na wadogo wako baharini. Kenya ina nafasi ambayo wengi hawana, maana wavuvi wetu hunasa wadogo na madume kila wiki na kuwatoa wazima. Transmita yenye GPS juu ya dume la Watamu ingetufundisha zaidi kuliko jike la saba kwenye ufuo unaojulikana. Uzito wa transmita uendane na mnyama. Kwa kasa mdogo kabisa kifaa kikubwa ni mateso.

Ningechagua nini mahali penu

Mkiwa na laki tano na hamna mtu wa kudumu pwani, pelekeni kwenye mpango wa wavuvi na vibati. Mkiwa na mwanafunzi na maabara, vinasaba. Wapiga mbizi, picha, na muanze wikendi hii. Mkiwa na milioni tatu na zaidi, na mtu wa kusafisha data kwa miaka miwili, hapo tuzungumze transmita, tano au sita kwa pamoja, zote kwa swali moja. Transmita moja peke yake siipendekezi kwa kikundi chochote, labda kama inaongezwa kwenye mpango wa watu wengine ambao tayari wana kadhaa majini.

Vibali vianze mapema kuliko ununuzi. Kuna kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kumshika kasa bila KWS, shirika la wanyamapori la serikali, na taasisi ya utafiti wa wanyamapori ya Naivasha kuhusika ni kosa hata kama nia ni njema. Kasa wetu hutaga mwaka mzima, wengi zaidi wakati wa masika na kusi, kwa hiyo karatasi zinazoingia Aprili zimechelewa. Andikeni pia data itakuwa ya nani, na iwekwe Movebank, hazina ya mtandaoni ya data za safari za wanyama, ambako mtafiti wa Mombasa au wa Mogadishu ataiona.

Na kabla ya kulipa, mwombeni mnayemfadhili awaonyeshe orodha ya simu: maafisa wa KWS, viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe) wa Kipini, Kiunga, Shimoni, na wenzao ng'ambo ya mpaka. Nukta za daraja la 3 zikianza kutua nchi kavu saa tisa usiku, awe na mtu wa kumpigia karibu na pale, na mtu huyo awe anajua tayari kwamba simu hiyo huenda ikaja.